Eneo la 13: kiti cha Obama kilivyoamuliwa kabla ya siku ya kura

Agosti 2025, wabunge zaidi ya 50 wa chama cha Democratic katika Bunge la Texas walifungasha virago wakaondoka jimboni mwao ili kikao kikose akidi. Wenzao wa Republican walitaka kuchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi na kujiongezea viti Washington. Wengi wa waliotoroka walikwenda Illinois, ambako Gavana JB Pritzker aliwapokea kwa mikono miwili. Republican wakapata la kusema: mnakimbia mipaka iliyopindwa, halafu mnakwenda kujificha Illinois?

Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli wake, maana ramani ya Illinois nayo ilichorwa na chama kimoja, Democratic, na tangu hapo mijadala ya Kiswahili kuhusu "mipaka ya Marekani" imejaa mkanganyiko. Wapo wanaodhani ni ugomvi wa ardhi. Wapo wanaodhani ipo tume ya uchaguzi ya taifa zima inayochora ramani, kama IEBC kule Kenya. Wengine wanaona mtu amepata asilimia 82 ya kura na kuhitimisha kwamba basi wananchi walimpenda sana. Njia nyepesi ya kulifumbua fumbo hili ni kukichukua kiti kimoja na kukifuata miaka kwa miaka. Nimechagua Eneo la 13 la Seneti ya Illinois, kusini mwa Chicago. Ndipo Barack Obama alipoanzia siasa za kuchaguliwa.

Kwanza tuelewane maneno. Katika makala haya, "jimbo" ni Illinois nzima, na "eneo" ni kile kipande cha jimbo kinachochagua seneta mmoja, yaani kile ambacho Tanzania ni jimbo la uchaguzi na Kenya ni eneo bunge. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na Bunge la Marekani lililoko Washington. La Illinois hukaa mji wa Springfield, nalo lina mabaraza mawili: Seneti yenye watu 59 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 118. Ukiona 118 ni 59 mara mbili, umeona sawa, maana kila eneo la Seneti hukatwa vipande viwili, na kila kipande humchagua mwakilishi wake. Kwa sensa ya 2020, seneta mmoja wa Illinois anawakilisha watu wapatao 217,000.

Kwa hiyo Obama alikuwa seneta mara mbili, katika maseneti mawili tofauti. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta wa jimbo, Springfield, akitoka Eneo la 13. Kuanzia Januari 2005 alikuwa seneta wa Marekani, Washington, aliyechaguliwa na Illinois nzima. Ushindi wa 2004 ulioshangiliwa hadi Kogelo ni huo wa pili. Sisi hapa tunazungumzia ule wa kwanza, ambao wakati ule watu wachache sana nje ya Chicago waliujua.

Jambo la pili la kukaza ni kwamba Eneo la 13 si mahali. Sisi tumezoea maeneo yenye majina: Lang'ata, Kigamboni, Nyali. Jina linabaki hata mpaka ukisogea kidogo, na mtu husema "mimi ni wa Temeke" bila kufikiria uchaguzi. Illinois hutumia namba tu. Kila baada ya miaka kumi, sensa ikishatoka, ramani yote hufutwa na kuchorwa upya, na namba 13 hubandikwa kwenye kipande kipya. Kipande hicho kinaweza kushika mitaa mingi ya zamani, au kikaiacha nusu yake. Mtu anayesoma jedwali la matokeo ya "Eneo la 13" tangu miaka ya 1990 hadi leo anadhani anasoma historia ya wapiga kura wale wale. Sivyo.

Kwa nini kila miaka kumi? Zamani haikuwa hivyo. Kuanzia 1901 hadi miaka ya 1950 Illinois haikugusa ramani yake hata mara moja, ijapokuwa Chicago ilikuwa ikifurika watu. Wanasiasa wa mashambani hawakuwa na haraka ya kuwagawia watu wa mjini viti vyao. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Reynolds v. Sims, iliamua kwamba maeneo ya mabunge ya majimbo lazima yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Mwaka huo huo Illinois ilivurugikiwa kabisa: vyama vilishindwa kukubaliana ramani ya Baraza la Wawakilishi, basi uchaguzi ukafanyika bila maeneo. Jimbo zima likapewa karatasi moja ya kura yenye majina 236, kila chama na majina yake 118, kugombea viti 177 vilivyokuwepo enzi hizo. Watu waliiita karatasi ya shuka kwa urefu wake. Democratic walipita wote 118, Republican wakaambulia 59. Tangu hapo hakuna mwanasiasa wa Illinois anayeichukulia ramani kimzaha.

Pingamizi la 1996

Mwaka 1995 kiti cha Eneo la 13 kilikuwa cha Alice Palmer, mwanaelimu na mwanaharakati aliyeheshimika upande wa kusini wa jiji. Mbunge mmoja wa Washington kutoka sehemu hizo, Mel Reynolds, alikuwa ameingia matatani na sheria, na Palmer akatangaza kukitaka kiti chake. Hapo kiti chake mwenyewe cha Springfield kikaonekana kitabaki wazi. Septemba 1995 Obama, wakili wa miaka 34, akatangaza nia, tena kwa baraka za Palmer.

Kisha mambo yakageuka. Novemba 28 Palmer alishindwa mchujo wa kwenda Washington. Alishika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. aliyeshinda na Emil Jones aliyekuwa wa pili. (Mkumbuke huyo Jones, atarudi.) Palmer akaamua kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Watu wake walimwomba Obama ampishe. Akakataa.

Mchujo, kwa asiyeufahamu, ni ile kura ya kumpata mgombea wa chama, ambayo CCM huiita kura za maoni. Tofauti ni kwamba Illinois mchujo husimamiwa na serikali, na mpiga kura wa kawaida huomba karatasi ya chama anachokitaka siku hiyo hiyo. Lakini kabla jina lako halijaingia kwenye karatasi ya mchujo, lazima uwe na wadhamini, yaani wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo lako wanaotia saini fomu yako. Kwa Eneo la 13 mwaka ule zilitakiwa saini 757. Obama alipeleka zaidi ya 3,000, na mapema. Palmer, aliyeanza kwa kuchelewa, alikusanya kama 1,580 kwa siku chache na kuzipeleka siku ya mwisho.

Ukitazama hesabu hiyo, Palmer alikuwa na saini mara mbili ya zilizotakiwa. Lakini timu ya Obama iliingia kwenye ofisi za bodi ya uchaguzi ikaanza kupekua fomu za wapinzani mstari kwa mstari. Saini ya mtu anayeishi nje ya eneo: inaondolewa. Aliyeandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini kama iliyo kwenye daftari: inaondolewa. Anwani isiyolingana: inaondolewa. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani ndilo lililowamaliza wengi. Daftari la wapiga kura lilikuwa limesafishwa muda mfupi kabla, na zaidi ya majina 15,000 ya eneo hilo yalikuwa yamefutwa. Mtu alitia saini kwa moyo mweupe, akidhani bado yumo, kumbe hayumo.

Ukitoa hizo zote, Palmer alikuwa hafikishi 757. Alijiondoa Januari 1996. Wagombea wengine watatu waliowekewa pingamizi nao wakaenguliwa. Mchujo wa Machi ulipofika, karatasi ya Democratic ilikuwa na jina moja tu.

Kuna masimulizi mawili kuhusu tukio hili, na yote mawili yanavutia upande wake. Moja linasema Obama alimpora mama wa watu kiti chake. Hapana: sheria ya saini ilikuwepo kabla yake, pingamizi ni jambo la kila msimu Chicago, na aliyetangaza kuachia kiti ni Palmer mwenyewe. Jingine linasema Obama alichaguliwa na watu wa mitaani aliowatumikia. Hapana vilevile: mwaka ule wa mchujo watu hao hawakupewa mtu wa kumlinganisha naye. Na mtu huyu ndiye aliyeongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura wapya Chicago mwaka 1992. Kwamba kiti chake cha kwanza alikipata kwa kufuta saini za watu ni jambo ambalo hata mashabiki wake wa kweli hulisema kwa sauti ya chini. Wasomaji wa Tanzania, ambao maneno "kuenguliwa" na "kupita bila kupingwa" hayahitaji kufafanuliwa kwao, watalielewa haraka kuliko Wamarekani wengi.

Asilimia 82 inasema nini?

Novemba 1996 Obama alishinda uchaguzi mkuu kwa zaidi ya kura 48,000, karibu asilimia 82. Aliyemfuata hakuwa hata Republican. Alikuwa mgombea wa chama kidogo kilichoitwa kwa jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Republican alikuwa wa tatu, na kama asilimia 5 tu. Mwaka 1998 Obama alipata asilimia 89.

Takwimu hizi hupendwa na wanaotunga wasifu, lakini zinaeleza zaidi kuhusu eneo kuliko kuhusu mtu. Upande wa kusini wa Chicago ulikuwa ngome ya Democratic. Yeyote aliyebeba bendera ya chama angepita. Ushahidi tunao: mwaka 2000, kiti chake kikiwa salama, Obama alijaribu kumng'oa mbunge Bobby Rush katika mchujo wa kwenda Washington, kwenye sehemu zile zile za jiji. Rush alimshinda kwa karibu kura mbili kwa moja. Mtu wa asilimia 89, dhidi ya mpinzani wa kweli, akabaki na kama asilimia 30.

Aliwezaje kugombea huku bila kupoteza kule? Ratiba. Maseneta wa Illinois hawachaguliwi wote kwa wakati mmoja. Ndani ya kila miaka kumi, kila eneo hupata mihula miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili, kwa mpangilio unaotofautiana. Muhula wa Obama wa 1996 ulikuwa wa miaka miwili, ule wa 1998 wa miaka minne. Mwaka 2000 alikuwa katikati ya muhula: akishindwa anarudi ofisini kwake Springfield, na ndivyo alivyofanya.

Kofia

Sasa tufike kwenye ramani yenyewe, maana ndipo penye utamu.

Katiba ya Illinois ya 1970 inasema kazi ya kuchora maeneo ni ya Bunge la jimbo lenyewe, na gavana hutia saini kama sheria nyingine. Bunge likishindwa, inaundwa tume ya watu 8, nusu kila chama. Nao wakifungana, Mahakama ya Juu ya Illinois hutoa majina mawili ya watu wa vyama tofauti, na Katibu wa Jimbo huchomoa moja bila kutazama. Mwenye jina hilo anakuwa mjumbe wa tisa, na chama chake kimeshinda ramani ya miaka kumi.

Waliotunga kifungu hicho hawakuwa wehu. Walidhani hakuna chama kitakachokubali kucheza bahati nasibu na muongo mzima, kwa hiyo wataogopa na kukubaliana. Walikosea kuhusu tabia za wanasiasa. Mwaka 1981 ilifika kwenye kuchomoa, Democratic wakashinda. Mwaka 1991 ikafika tena, wakashinda Republican. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo Jesse White alichomoa jina kutoka kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln, likatoka la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na mtu wa Democratic.

Aliyeshinda anafanya nini na kalamu? Chukua kibaba kimoja cha chumvi na masufuria matano ya mchuzi. Ukimimina chumvi yote kwenye sufuria moja, hilo halinyweki na manne mengine yanabaki chapwa. Ukiigawa vizuri, yote matano yanakolea. Chumvi hapa ni wafuasi wa chama. Ukitaka kumdhoofisha mpinzani, warundike wafuasi wake kwenye maeneo machache ambako atashinda kwa asilimia 85 au 90, kura nyingi zisizomsaidia kitu. Ukitaka kujijenga, wasambaze wafuasi wako wakoleze maeneo mengi kwa asilimia 55 au 60. Ile asilimia 89 ya Obama ya 1998, ilipatikana kwenye ramani ya Republican. Na kwa miaka kumi ya ramani hiyo, Republican ndio walioshika Seneti ya Illinois. Obama alikaa upande wa wachache, miswada yake mingi ikiishia kwenye kamati.

Kofia ya 2001 iliwapa Democratic nafasi ya kuigawa chumvi upya. Eneo la 13 la zamani lilianzia Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, likarefuka kuelekea magharibi kwenye mitaa ya watu weusi wa kipato cha chini. Mapema mwaka huo, kabla ya kofia, Obama mwenyewe alikuwa amekaa na mchoraji wa chama mbele ya kompyuta, kama walivyofanya wenzake, akaonyesha anachokitaka. Eneo jipya liliishika Hyde Park, lakini badala ya kwenda magharibi likapanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji, hadi Gold Coast, mtaa wa matajiri wa Chicago. Weusi walibaki wengi, na ilibidi. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 inakataza ramani inayowapunguzia nguvu wapiga kura wa jamii za wachache. Lakini eneo sasa lilikuwa na weupe wengi zaidi, Wayahudi wengi zaidi, wasomi zaidi, na watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni kubwa.

Novemba 2002 Obama hakuwa na mpinzani. Wakazi wa Gold Coast walipata seneta ambaye, kwa namna fulani, ndiye aliyewachagua wao. Na ramani hiyo hiyo iliwapa Democratic Seneti yote. Januari 2003 Emil Jones, yule aliyeshindwa pamoja na Palmer mwaka 1995, akawa Rais wa Seneti, na Obama akapewa kamati ya afya na miswada mizito, ukiwemo wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Mwaka uliofuata alikuwa na rekodi ya kuwaonyesha wapiga kura wa jimbo zima.

Hapa kuna dhana moja niivunje, kwa sababu naisikia sana Kenya: kwamba maeneo yakiwa na idadi sawa ya watu, basi ramani ni ya haki. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu eneo bunge kupishana na wastani kwa asilimia 30, au 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache, na kwa kweli Lamu Mashariki na Embakasi hazilingani hata kidogo. Illinois maeneo yanakaribiana sana kwa idadi. Lakini ramani ya 1991 na ile ya 2001 zote zilikuwa na usawa huo, zikatoa mabunge mawili tofauti kabisa. Usawa wa idadi hauzuii mkono unaoshika kalamu.

Kiti kikibaki wazi

Obama alipokwenda Washington, nani alimchagua mrithi wake? Si wananchi. Illinois kiti cha Seneti ya jimbo kikiwa wazi hakuna uchaguzi mdogo wa haraka. Makamishna wa chama wa kata zilizomo ndani ya eneo hukutana ndani ya siku 30 na kumteua mtu, lazima wa chama kile kile. Kura zao hazilingani uzito. Mwenye kata iliyotoa kura nyingi za chama ana sauti kubwa zaidi. Muhula uliobaki ukizidi miezi 28, uchaguzi hufanyika katika uchaguzi mkuu unaofuata, lakini hapo mteule anakuja tayari anaitwa seneta, ana ofisi, ana wafadhili.

Novemba 2004 aliteuliwa Kwame Raoul, wakili mwenye wazazi waliotoka Haiti. Raoul alipochaguliwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois, Januari 2019 akateuliwa Robert Peters. Na Palmer je? Yeye pia aliingia kwa kuteuliwa, mwaka 1991, baada ya Richard Newhouse kustaafu. Kwa hiyo tangu 1991, Palmer, Obama, Raoul na Peters wameshika kiti hiki, na ni mmoja tu aliyeingia mara ya kwanza kupitia kura. Huyo mmoja ndiye yule ambaye mchujo wake ulikuwa na jina moja.

Mtu akikuuliza historia ya uchaguzi ya Eneo la 13, basi, ukimpa jedwali la asilimia za Novemba utakuwa umempa sehemu isiyo na jambo. Kilichoamua ni saini za Januari 1996, kofia ya Septemba 2001, na vikao vya makamishna.

Siku hizi hata kofia haichomolewi. Mwaka 2011 na 2021 Democratic walishika Bunge lote na ugavana, wakachora peke yao. Ramani yao ya kwanza ya 2021, iliyotegemea makadirio kwa kuwa sensa ilichelewa, ilikataliwa na mahakama ya shirikisho. Nyingine, waliyokwisha kuichora kwa takwimu za sensa, ikapita.

Wananchi walijaribu kuwanyang'anya kalamu. Mwaka 2016 zilikusanywa saini zaidi ya laki tano kutaka kura ya kurekebisha katiba ili ramani ichorwe na tume huru. Agosti mwaka huo Mahakama ya Juu ya Illinois ililitupa pendekezo hilo kwa majaji 4 dhidi ya 3: wanne wa Democratic upande mmoja, watatu wa Republican upande wa pili. Majaji hao nao huchaguliwa kwa kura, kwa maeneo. Mwaka 2021, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1960, Bunge la Illinois liliyachora upya na maeneo hayo.